Je, Bata wa Nyumbani Anahitaji Leseni?

Katika makala haya nakusudia kujibu swali moja ambalo nimelisikia mara nyingi mtaani, dukani na hata hapa shuleni wakati wa chakula cha mchana. Je, mtu akitaka kufuga bata nyumbani kwake, ni lazima awe na leseni? Wapo wanaosema ni lazima. Wapo wanaosema bata ni kama kuku tu, fuga utakavyo. Wengine wanasema ukipatikana na bata mjini utapelekwa kortini moja kwa moja. Wote husema kwa sauti kubwa, lakini ukiwauliza, "Ni sheria gani hiyo?" wananyamaza kimya kama maji ya mtungi.

Swali hili si la mzaha. Wengi wetu tunaosoma shule za kutwa tunatoka katika nyumba ambazo kuku na bata ndio benki. Karo ikipungua, bata dume anashikwa na kupelekwa sokoni. Daftari zikiisha, trei ya mayai inauzwa. Basi asiyejua sheria anaweza kupoteza bata wake kwa njia mbili: aidha avunje sheria bila kujua, au alipishwe pesa za bure na mjanja anayejua kwamba yeye hajui.

Jambo hili la pili si hadithi. Mwaka jana mtaani kwetu, mwanamume mmoja alimjia mama jirani yetu ambaye ana bata tisa. Alijiita mtu wa serikali, hakusema ni ofisi gani, akadai shilingi 2,000 za "leseni ya bata". Mama wa watu aliogopa. Aliuza bata wawili siku hiyo hiyo akalipa. Risiti hakupewa, na yule bwana hakuonekana tena. Ndipo nikaamua kuulizia na kusoma, nione ukweli uko wapi.

KWANZA, NI BATA GANI?

Kabla hatujazungumzia leseni, ni lazima tujue tunazungumza juu ya bata yupi, kwa maana sheria haiwatazami bata wote kwa jicho moja.

Bata wa nyumbani ni wa aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni wale waliotokana na bata-mwitu wa nchi za kaskazini, kama vile bata weupe wa Pekin ambao asili yao ni Uchina. Mayai ya hawa huanguliwa kwa siku 28 hivi. Aina ya pili ni wale wakubwa wenye vinundu vyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini. Hawa wamejaa sana katika vijiji vyetu, na mayai yao huchukua siku 35 hivi. Hawa wote ni mifugo, kama vile kuku, mbuzi na ng'ombe.

Bata-mwitu ni jambo lingine kabisa. Ukienda katika maziwa yetu kama Naivasha na Nakuru utawaona wa kila namna. Wengine huishi hapa nchini mwaka mzima, na wengine husafiri kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, wakakaa kwetu kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Aprili hivi. Hawa wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Huwezi kwenda ziwani ukamnasa bata-mwitu, au ukaokota mayai yake ukamwekea kuku ayaatamie, kisha ukasema nawe ni mfugaji. Hapo bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, umevunja sheria.

Nadhani hapa ndipo uvumi wa "leseni ya bata" ulipoanzia. Wasomaji watu wazima wanakumbuka jinsi mnamo 2013 na mwanzoni mwa 2014 Wakenya walivyoshikwa na homa ya kufuga kware. Mayai ya kware yaliuzwa kwa bei ya ajabu, watu wakasema yanatibu kila ugonjwa. Kwa vile kware ni ndege wa porini kwa mujibu wa sheria, wafugaji walitakiwa wawe na kibali cha KWS. Hali ni hiyo hiyo kwa kanga na mbuni. Baadaye bei ya kware ilianguka vibaya, watu wakapata hasara, lakini lile neno "kibali" likabaki vinywani. Watu wakaanza kufikiri kwamba kila ndege asiyekuwa kuku ana leseni yake. Sivyo. Bata wako wa nyumbani, aliyenunuliwa sokoni kutoka kwa mfugaji mwingine, si mnyama wa porini.

SHERIA YA TAIFA INASEMAJE?

Sasa tuje kwenye jibu lenyewe. Hakuna sheria ya taifa zima inayomtaka mtu achukue leseni ndipo afuge bata wachache wa matumizi ya nyumbani. Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi baina ya serikali kuu na serikali za kaunti. Kaunti zimepewa kilimo na ufugaji, kudhibiti magonjwa ya wanyama, na pia kudhibiti wanyama pamoja na leseni za mbwa. Naam, mbwa ametajwa kwa jina katika Katiba. Bata hakutajwa.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Kwa sababu ufugaji ni kazi ya kaunti, kaunti yaweza kutunga sheria yake kuhusu mifugo mijini. Nairobi, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2015 ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Jina lake lenyewe linaeleza mambo mawili: kuendeleza, na kusimamia. Maana yake ni kwamba kilimo cha mjini kinakubalika, lakini si kiholela. Miji mingi nayo tangu enzi za mabaraza ilikuwa na sheria ndogo za kuzuia mifugo kuzagaa katikati ya mji. Kwa hiyo mtu wa kijijini mwenye ekari mbili na mtu wa mjini mwenye chumba kimoja cha kupanga hawako sawa.

Dawa ya jambo hili ni rahisi. Usimuulize jirani, wala usimuulize dereva wa matatu. Nenda katika ofisi ya kilimo na mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo, uulize: "Hapa tulipo, kuna sheria ya kaunti inayohusu kuku na bata? Kuna ruhusa ya kuandikwa? Kuna ada?" Kuuliza si ujinga. Tena Katiba, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Kwa hiyo huendi ofisini kuomba msaada kama maskini. Unaenda kudai kilicho chako, ila kwa adabu.

Na huyu anayekuja mlangoni kudai pesa, je? Hapa, wenzangu, shikeni kalamu muandike. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba ushuru wowote au ada yoyote ya leseni haiwezi kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuamka asubuhi akavumbua leseni ya bata njiani. Akidai ada, mwombe kwa upole mambo matatu: kitambulisho chake cha kazi, jina la sheria inayotoza ada hiyo, na risiti rasmi. Ofisa wa kweli hatakasirika, kwa maana vitu hivyo anavyo. Mjanja ataanza kupandisha sauti. Yule mama jirani angeliyajua haya, bata wake wawili wangalikuwa bado wanaogelea katika beseni.

USIPOHITAJI LESENI, UNA WAJIBU

Watu wengi wakishasikia kwamba hakuna leseni, wanadhani mambo yamekwisha. La hasha! Hapa ndipo sheria inapoanza kumtazama mfugaji. Haikuulizi una karatasi gani. Inakuuliza unaishi vipi na jirani yako.

Sheria ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Sheria hii inakataza mtu kusababisha uchafu au kero inayoweza kudhuru afya ya watu. Katika orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa kero, limetajwa jengo au mahali pa kufugia wanyama au ndege palipojengwa au kutumiwa kwa namna ya kuudhi watu au kuhatarisha afya. Bata anaingia hapo miguu miwili. Kinyesi cha bata ni cha majimaji kuliko cha kuku, na kisipoondolewa kinanuka upesi, hasa wakati wa mvua.

Isitoshe, sheria hiyo hiyo ina sehemu nzima inayohusu mbu. Maji yaliyotuama yakawa na viluwiluwi vya mbu ni kosa la mwenye boma. Wafugaji wengi wa bata huchimba shimo nyuma ya nyumba, wakalijaza maji, wakaliita kidimbwi. Baada ya wiki mbili maji yamekuwa ya kijani, mbu wanaimba, na watoto wa ploti nzima wanaugua malaria. Kumbe bata hahitaji kidimbwi ndipo aishi! Anachohitaji ni maji ya kutosha kuzamisha kichwa chake chote, aoshe macho na pua. Beseni moja la kina cha kutosha, linalomwagwa na kujazwa upya kila siku, latosha kabisa. Maji hayo ukiyamwagia sukuma wiki ni mbolea.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hata ukikosea, sheria ina utaratibu. Ofisa wa afya ya umma akiona kero hukupa ilani ya kuiondoa katika muda fulani. Usipofanya hivyo ndipo unapopelekwa kortini. Tena Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba mtu ambaye haki yake itaathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hiyo ukipewa ilani, usiitupe. Isome, urekebishe mambo, kisha umwalike ofisa aje kuona.

Jambo la pili ni kelele. Kuna kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, na zinakataza kelele kubwa zisizo na lazima. Sasa sikilizeni siri ya wafugaji. Katika bata wa kawaida, jike ndiye mwenye kelele, dume sauti yake ni ya kukwaruza tu. Wale wakubwa wenye vinundu vyekundu wao hawapigi kelele, huzomea kwa pumzi tu kama tairi inayotoka upepo. Mtu anayeishi katika nyumba zilizobanana afadhali afuge hao. Ila hao nao ni warukaji hodari. Inafaa kupunguza manyoya marefu ya bawa moja, si yote mawili, ili wasivuke ua na kuingia katika mboga za watu. Manyoya hayo huota tena, kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa.

Jambo la tatu ni huruma. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, kumnyima chakula, au kumsafirisha kwa namna ya kumuumiza bila sababu. Mara ngapi tumeona bata wamefungwa miguu, wakaning'inizwa vichwa chini katika bodaboda, kutoka sokoni hadi nyumbani? Watu hucheka, lakini sheria haicheki. Kikapu au boksi lenye matundu halina gharama kubwa.

Na nyote mnaoishi katika nyumba za kupanga, kumbukeni kwamba kuna sheria moja ambayo haikutungwa bungeni, nayo ni makubaliano na mwenye nyumba. Kama yanasema hakuna mifugo, basi hata kaunti ikikuruhusu, mwenye nyumba ana haki ya kukataa. Mwombe kwanza, na akikubali, akuandikie.

UGONJWA HAUNA JIRANI

Kati ya wajibu wote nilioutaja, huu ndio mzito zaidi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kutangazwa amtenge na wengine, kisha atoe ripoti bila kukawia. Kwa upande wa ndege, mdondo ni mmoja wa magonjwa hayo. Homa ya mafua ya ndege nayo ndiyo inayoogopwa na dunia nzima.

Kwa nini bata hasa? Ni kwa sababu bata anaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege bila kuonyesha dalili yoyote. Kuku akipata ugonjwa huo, banda zima linaweza kufa kwa siku chache. Bata anaendelea kutembea kwa madaha huku akisambaza virusi kwa kinyesi. Tena bata-mwitu wanaosafiri huweza kuvileta kutoka mbali, wakavimwaga katika maji wanayokunywa bata wetu.

Haya si mambo ya Uchina peke yake. Mnamo Januari 2017, mafua ya ndege yaligunduliwa nchini Uganda, kwanza katika ndege wa porini waliokufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha katika bata na kuku wa nyumbani. Kenya ilipiga marufuku kuingizwa kwa kuku na mazao yake kutoka Uganda. Fikiria wafanyabiashara wa mpakani waliokuwa wakila kwa biashara hiyo! Ugonjwa wa ndege wachache ulifunga mlango wa wengi.

Kwa hiyo ukiona bata au kuku wako wanakufa ghafula, wengi kwa pamoja, usiwachinje upesi upesi ili "nyama isipotee". Usiwauze, wala usiwatupe mtoni. Waache wazima mahali pao, watoto wasikaribie, kisha mwite ofisa wa mifugo. Chini ya sheria hii, serikali inaweza kutangaza eneo kuwa karantini, na wakati huo huwezi kuhamisha ndege bila kibali. Hapo sasa kibali kipo, tena ni cha lazima.

Huko Uingereza walifika mbali zaidi. Tangu mwaka 2024, mtu anayefuga kuku au bata, hata mmoja tu, anatakiwa ajiandikishe kwa serikali. Shabaha yao ni kwamba ugonjwa ukitokea, serikali ijue wafugaji wako wapi na iwaonye upesi. Sisi hatuna orodha kama hiyo. Kwetu sisi, anayejua kwamba una bata ni wewe na jirani yako. Ndiyo maana usiponyanyua mguu kwenda kutoa ripoti, hakuna mwingine atakayeijua hatari mpaka ienee.

UKITAKA KUFANYA BIASHARA

Yote niliyoeleza yanahusu bata wachache wa nyumbani. Mambo hubadilika ukiingia katika biashara. Ukifungua duka au banda la kuuza nyama na mayai, kaunti itakutaka uwe na kibali cha biashara. Ukichinja nyama ya kuuzwa, kuna Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356, inayosimamia uchinjaji na ukaguzi. Ukitaka kuagiza bata au mayai ya kuangua kutoka nchi za nje, unahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kabla mzigo haujafika mpakani. Na ukikusudia kujenga jengo kubwa la kufugia, uliza kwanza ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti.

KWA KIFUPI

Ili mtu asije akasema makala yalikuwa marefu akasahau, nayakusanya hapa:

1. Bata wa nyumbani si mnyama wa porini. Bata-mwitu ni wa porini, na bila kibali cha KWS usimguse wala usiyaguse mayai yake.

2. Hakuna leseni ya taifa ya kufuga bata wachache nyumbani. Kaunti yaweza kuwa na masharti yake, hasa mijini. Uliza ofisi ya mifugo.

3. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba.

4. Anayedai ada aonyeshe kitambulisho, ataje sheria, atoe risiti.

5. Usafi, maji yasiyotuama, ua imara na usafirishaji wa huruma ni wajibu wa kila mfugaji.

6. Ndege wakifa kwa wingi, tenga walio hai na utoe ripoti siku hiyo hiyo.

Wenzangu, sisi ndio tunaosoma na kuandika katika nyumba zetu. Wazazi wetu wengi wanaogopa neno "sheria" kwa sababu wamelisikia zaidi kutoka kwa watu waliokuja kuwatisha. Basi jioni ya leo, ukisha kumaliza kazi ya ziada, msomee mzazi wako ile namba nne pale juu mara mbili, na ile namba sita mara tatu. Ya kwanza italinda mfuko wake, na ya pili italinda mtaa mzima.

Kwa hayo machache natia nanga.